Programu za Pembeni: Uhuru Wangu Ukomee Wapi?

Majuma machache yaliyopita, katika chumba cha walimu cha shule moja hapa Nunguni, kulizuka ubishi ambao hadi leo haujapoa. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, kama zilivyo asubuhi nyingi katika vilima hivi vya Kilungu, nasi tulikuwa tumelizunguka birika la chai tukingoja kengele. Mwalimu mwenzetu akasimama, akauliza kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka: ni nani aliyempelekea mkuu wa shule maneno ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyafuta usiku uliotangulia?

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Usiku huo, akiwa amechoka na amekasirika, mwalimu huyo aliandika katika kundi letu la WhatsApp maneno makali kuhusu ugawaji wa zamu za mwisho wa juma. Hazikupita dakika tatu akajuta na kuufuta ujumbe. Katika simu zetu wengi palibaki alama tu ya kuonyesha kwamba ujumbe ulikuwapo na umefutwa. Katika simu moja, hata hivyo, maneno yalibaki yote, nukta kwa nukta. Kabla ya kucha picha yake ilikuwa imemfikia mkuu wa shule, na kufikia saa nne mwalimu alikuwa na barua mkononi ikimtaka ajieleze.

Mwenye simu hiyo hakujificha. Alisema waziwazi kwamba anatumia GB, kwamba simu ni yake, bando ananunua kwa fedha zake, na programu aliyoipenda ameiweka mwenyewe. Hakuiba chochote, maneno yaliletwa kwake, naye hakuyafuta. Kosa lake ni lipi?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari swali hilo, na nakiri kwamba nilipoanza nilidhani jibu ni jepesi kuliko lilivyo.

Kwa wale wasioifahamu, GB WhatsApp si bidhaa ya kampuni inayomiliki WhatsApp. Ni programu iliyotengenezwa na watu wa nje kwa kuigeuza ile rasmi, nayo haipatikani katika duka la kawaida la programu. Mtu huipakua katika tovuti fulani, au, kama ilivyo desturi yetu hapa sokoni, hurushiwa na rafiki kutoka simu hadi simu. Ziko nyingine za ukoo huo huo: WhatsApp Plus, FMWhatsApp, YoWhatsApp. Mimi nitaziita zote programu za pembeni, kwa maana zinakuingiza katika nyumba ile ile waliyomo wenzako, lakini kwa mlango ambao mwenye nyumba hakuujenga.

Tusiwadharau wanaozitumia. Zilitufikia kwa sababu ya maana. Wengi wetu tuna laini mbili, moja ya Safaricom na nyingine ya Airtel, katika simu moja. Na kwa miaka mingi programu rasmi ilikataa kubeba akaunti mbili pamoja. Mama anayeuza nguo hapa sokoni alitaka nambari ya wateja na nambari ya jamaa, ilhali hakuwa na fedha za simu ya pili. GB ilimpa. Kampuni yenyewe iliruhusu akaunti mbili mnamo Oktoba 2023 tu, wakati watu wa pembeni walikuwa wamekwisha kuifanya kazi hiyo zamani. Kadhalika, uwezo wa kuficha kwamba uko hewani ulitangazwa rasmi mwaka 2022, na huo nao watumiaji wa GB walikuwa wameuzoea. Anayesema kwamba programu hizi ni uhuni mtupu hajui historia yake.

Ubishi wetu, hata hivyo, si wa kwanza duniani, na wasomaji wataniwia radhi nikiwapeleka mbali kidogo, kwa kuwa huko walijadiliana hadharani, kwa miaka, jambo ambalo sisi tulilijadili kwa dakika kumi kabla ya kengele.

Kuna ulimwengu wa mtandaoni uitwao Second Life, uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Hauna mshindi wala mshindwa kama michezo mingine. Mtu huingia akiwa na umbo la kumwakilisha, hutembea, huzungumza na wengine, hujenga nyumba, hushona mavazi ya kidijitali na kuyauza kwa sarafu ya humo humo, ambayo hubadilishwa kwa dola za kweli. Wanaoingia humo huitwa wakazi, na wako waliopata riziki yao humo. Ili kuingia, mkazi huhitaji programu ya kuutazamia ulimwengu huo katika kompyuta yake.

Mwezi Novemba mwaka 2006 kilitokea chombo kilichoitwa CopyBot, ambacho kiliweza kunakili vitu vya wakazi wengine bila idhini yao. Wafanyabiashara wa humo walipandwa na hofu, wakafunga maduka yao kwa kupinga. Kampuni ikatamka kwamba kukitumia chombo hicho kuiba kazi za wengine ni kuvunja masharti. Mtu angetarajia kwamba baada ya zahama hiyo kampuni ingepiga makufuli milango yote. Ilifanya kinyume: Januari 2007 ilitoa hadharani maandishi asilia ya programu yake ya kutazamia, ili yeyote mwenye ujuzi ayarekebishe. Ndipo zikachipuka programu za pembeni nyingi, baadhi zikiwa nyepesi au nzuri kuliko ile rasmi, na wakazi wakazihamia kwa wingi. Mwaka 2010 kampuni ilipotoa sura mpya ya programu yake, wengi waliichukia wakaongeza mwendo wa kuhama.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo ilitangazwa sera ya kuzisimamia programu hizo, pamoja na orodha ya zile zilizokubaliwa. Katika orodha hiyo ilikuwamo Emerald, iliyopendwa mno. Mwezi Agosti ikagunduliwa kwamba ukurasa uliofunguka kila mkazi alipoingia kwa Emerald ulikuwa umetiwa viungo vya siri. Kompyuta ya mkazi ilikuwa ikiiendea mara kwa mara tovuti ya mtu aliyekuwa mpinzani wa baadhi ya watengenezaji, ili tovuti hiyo ilemewe. Maelfu ya watu waliodhani wanaingia kutembelea marafiki walikuwa wamegeuzwa askari wa vita wasivyovijua. Emerald ikatolewa katika orodha, kisha ikafungiwa kabisa. Baadhi ya waliokuwa katika kikundi hicho walijitenga wakaanzisha Phoenix, na baadaye Firestorm, ambayo hata leo ina watumiaji wengi na inakubaliwa na kampuni.

Lakini kilichonigusa zaidi ni sharti lililoongezwa Februari 2012. Kampuni ilisema kwamba programu ya pembeni isilete jambo linaloubadilisha ulimwengu wa pamoja kwa namna ambayo watumiaji wa programu rasmi hawawezi kuipata. Na tena, isimfichue mkazi aliyechagua kuficha kwamba yumo. Wakazi walibishana sana. Wako waliosema kwamba kampuni inaua ubunifu, kwamba mambo mazuri yote yalianzia pembeni na sasa yatangoja ruhusa. Wengine walisema kwamba ikiwa mimi naona kitu kilichopo mbele yetu kwa namna moja nawe kwa nyingine, hatuko tena mahali pamoja. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, wala sidhani ubishi huo ulikwisha.

Nirudi sasa Nunguni, kwenye birika letu la chai. Ukilichunguza sharti hilo la 2012 utaona kwamba halikuuliza kama programu ni ya nani. Rangi, vitufe, wepesi, mpangilio: hayo yote waliachiwa watu wa pembeni. Liliuliza kama programu inakigusa kile ambacho jirani ameahidiwa. Nami naona kwamba hapo ndipo mstari unapopaswa kuchorwa katika simu zetu pia.

Chukua alama za buluu zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Programu rasmi hukuruhusu kuzizima katika mazungumzo ya watu wawili, lakini kwa sharti la haki: ukizizima zako, nawe hutaziona za mwenzako. Ndivyo ilivyo pia kwa kuonekana hewani. Ukijifunika shuka, usitazamie kumchungulia mwenzako. GB inalivunja sharti hilo. Mwenye GB hujificha na bado huona. Husoma na huonekana hakusoma. Hukaa gizani akiwatazama walio kwenye mwanga. Hilo haliwezi kuitwa uhuru wa kutumia simu yangu, kwa sababu kilichobadilika kiko katika simu ya mwenzangu, naye hakuulizwa.

Kufuta ni hivyo hivyo. Tangu mwaka 2017 kila mtumiaji ameambiwa kwamba anaweza kuufuta ujumbe wake kwa wote. Tangu Agosti 2022 anapewa zaidi ya siku mbili za kufanya hivyo. Mwalimu mwenzetu alipobonyeza pale usiku ule aliiamini ahadi hiyo. Watu arobaini walikuwa chini ya kanuni moja, na mmoja alikuwa chini ya kanuni nyingine. Laiti angetuambia mapema, kila mmoja angejua anazungumza mbele ya nani.

Nilipowaeleza wanafunzi wa kidato cha nne jambo hili katika kipindi cha insha, bila kutaja kisa chenyewe, nilitarajia waniunge mkono. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hukaa kimya, akainua mkono akanipinga. Akasema kwamba wakati wa likizo alikuwa akitumiwa matusi na mtu mzima, ambaye kila baada ya kutukana alifuta, kisha akadai mbele ya wazazi kwamba hakuandika lolote. Simu ya dada yake yenye GB ndiyo iliyohifadhi ushahidi. "Mwalimu," akaniuliza, "ile ahadi ya kufuta ilikuwa inamlinda nani?"

Darasa likanyamaza, na mimi nikanyamaza. Nilimwambia kwamba angeweza kuipiga picha skrini kabla ujumbe haujafutwa, akanijibu kwamba mtu anayetukanwa hana utulivu wa kupiga picha. Jibu hilo sina la kulipinga. Ninachoweza kusema ni kwamba yeye alikitumia kilichohifadhiwa kujikinga na mwenye nguvu zaidi, ilhali mwenzetu wa chumba cha walimu alikitumia kumtia mashakani aliye sawa naye. Chombo kilikuwa kile kile. Basi kipimo changu cha ahadi kwa jirani hakitoshi peke yake. Lazima tuulize pia ni nani anayeumizwa na ni nani anayekingwa. Afadhali nilikiri hilo kuliko kujifanya kwamba sheria moja inamaliza yote.

Kuna hatari nyingine ambayo wenye GB hawapendi kuisikia, nayo ni ile ile ya Emerald. Aliyekujengea mlango wa pembeni anaweza kubaki na ufunguo. Agosti 2021 watafiti wa kampuni ya Kaspersky walieleza kwamba toleo moja la FMWhatsApp lilikuwa limebeba programu haribifu iitwayo Triada, yenye uwezo wa kuleta matangazo na hata kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila yeye kujua. Mwaka uliofuata wakaeleza kwamba toleo moja la YoWhatsApp lilikuwa likiiba funguo za akaunti. Yeyote aliyewahi kupokea ujumbe kutoka kwa nambari ya rafiki, "nisaidie elfu mbili nitakurudishia jioni," kisha akagundua kwamba rafiki hajui lolote, anaelewa akaunti iliyoibwa hufanyiwa nini. Na anayeibiwa haibiwi peke yake. Nambari zetu sote tulio katika kundi zimo katika simu hiyo, pamoja na za wazazi wa wanafunzi.

Mwenye WhatsApp naye amejibu kwa rungu. Mapema 2015 alianza kuwafungia kwa muda watumiaji wa WhatsApp Plus, na mwaka 2019 akawageukia wa GB. Wako hapa kwetu waliofungiwa, wakahama siku mbili, wakarudi na toleo jipya la GB lililodaiwa kuwa haligunduliki.

Msidhani ninamtetea mwenye nyumba. Kampuni hiyo, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2014 kwa bei iliyotangazwa ya dola bilioni 19, haikuwahi kukaa nasi chini ikatuuliza tunataka nini. Januari 2021 ilipotangaza masharti mapya kuhusu taarifa za watumiaji, ilituambia tuyakubali, na zogo likaenea ulimwenguni kote. Mwenzetu mwenye GB alilikumbuka hilo. "Wao wanabadilisha kanuni wapendavyo," alisema, "mimi nikibadilisha moja mnaniita mhaini." Ulaya wameliona tatizo hili wakalitungia sheria: tangu Machi 2024 Umoja wa Ulaya unaitaka WhatsApp iziruhusu programu nyingine kuwasiliana nayo, kwa masharti yanayojulikana na ulinzi unaokaguliwa. Yaani mlango wa pembeni umepewa sura ya halali, na mjenzi wake anajulikana. Sheria hiyo haifiki Nunguni. Hapa tuna mlango mkuu wa mtu asiyetusikiliza na kidirisha cha nyuma cha mtu tusiyemjua.

Mzazi mmoja, mzee aliyekuja shuleni kwa shughuli nyingine akalikuta gumzo, alituambia jambo lililonikaa. Alituonyesha mteremko ulio nyuma ya madarasa, wenye matuta ya fanya juu, yale ambayo mtu huchimba mtaro kuufuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu. "Hilo shamba la juu ni la mtu," alisema, "na anaweza kupanda anachotaka, mahindi au parachichi. Lakini mtaro wake akiukata ovyo, maji hayamwagikii kwake." Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Historia ya matuta hayo inafaa kufundishwa katika mjadala huu kuliko vitisho vya kufungiwa akaunti. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwashurutisha wenyeji wa Ukambani kuchimba matuta, nao wakaichukia kazi hiyo. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994 kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo ilijumuisha Makueni yetu, wanaeleza jinsi mambo yalivyobadilika pale vikundi vya mwethya vilipoachiwa kuchagua viongozi wao na aina ya matuta waliyoyaona yanafaa. Watu walewale waliokimbia shuruti walijaza vilima matuta. Mkulima hakuzuiwa kubuni. Alitakiwa kujadiliana na wa juu yake na wa chini yake.

Kwa hiyo, shuleni kwetu nilipendekeza tusianze kwa marufuku. Marufuku ya simu kwa wanafunzi tunayo, na kila likizo inapofika tunaona yanaishia langoni. Nilipendekeza kila kundi la walimu na la wazazi lijadili na kuandika kanuni zake: anayetumia programu ya pembeni awaambie wenzake; ujumbe uliofutwa usipelekwe kwingine, isipokuwa una tishio, tusi au madhara kwa mtoto; na kundi lenye nambari za wazazi lisiingiwe kwa programu isiyojulikana aliyeitengeneza. Walimu wa somo la kompyuta niliwaomba wawape wanafunzi kisa cha Second Life, wakibishanie kwa pande mbili, bila mwalimu kutoa hukumu mwishoni.

Kikao kilifanyika Ijumaa iliyopita. Kanuni ya kwanza ilipita. Ya pili ilibishaniwa kwa saa nzima, kwa sababu hatukukubaliana ni nani atakayeamua kwamba ujumbe una madhara. Iliahirishwa hadi muhula ujao. Ya tatu ilipita kwa kura chache. Walimu wawili walijitoa katika kundi siku hiyo hiyo, wakasema watasoma matangazo ubaoni kama zamani.

Mwalimu aliyeandika ujumbe ule alikwisha kujieleza kwa barua, na jambo lake limekoma. Yule mwenye GB alisimama mwishoni mwa kikao akatangaza kwamba ameiondoa katika simu yake, lakini ameibakiza kwenye ile ya biashara ya mkewe, kwa sababu ya wateja. Hawajazungumza wao wawili. Huketi pembe mbili tofauti za chumba cha walimu, na birika la chai liko katikati.